Risasi Isiyo na Tundu

Kwa wale ambao gazeti la wiki jana lilifungiwa bajia kabla hawajamaliza kulisoma, habari ni fupi: tulimwacha Fauzia wa Gazi amesimama mlangoni mwa chumba chake, akimtazama msichana wa bara aliyetoa bunduki mkobani na kuielekeza kwenye mto wa kulalia wa mwanawe, Hafsa.

Mavyaa wake, mama wa mumewe, Bi Mwanapili, tayari alikuwa chini. Hakupigwa na kitu. Alijilaza mwenyewe, na hata katika hofu ile aliuchagua mkeka akaiacha saruji.

"Usipige!" Fauzia alipiga yowe. "Mtoto hayumo humo!"

"Aki mama, sipigi mtu!" Yule msichana, Beryl, aliinua mikono yote miwili, bunduki ikabaki inaning'inia kidoleni. "Hii ni mashine ya kupima tu. Imetengenezwa ikakaa hivi."

"Waliotengeneza walikosa umbo jingine?" Bi Mwanapili aliuliza kutoka mkekani, jicho moja wazi.

Beryl aliishusha mashine. Tangu afike Gazi maswali mengi yalikuwa yamemshinda. Alikuwa mtafiti wa mradi unaochunguza vitu vinavyoharibu akili za watoto. Mwezi uliopita aliwatoboa vidole watoto wote wa chekechea, akapeleka damu Nairobi, kisha akawaandikia wazazi barua kwa Kiswahili alichokitoa kwenye kamusi. Barua ya Fauzia ilisema hivi: "Mtoto wako amepatikana na risasi katika damu."

Utamlaumu nani? Fauzia alimvua Hafsa nguo akamgeuza mara tatu akitafuta tundu. Bi Mwanapili akakumbuka kishindo alichokisikia siku ya Idi. Kufikia adhuhuri Gazi nzima ilijua kwamba kuna mtu anawapiga watoto risasi zisizo na mlio. Kufikia alasiri Koplo Samuel alikuwa ameshafika na askari wanne, akapekua nyumba kumi na mbili, akaondoka na panga moja na kuku mmoja. Panga liliandikwa kwenye ripoti. Tangu siku hiyo mtu akifunga mlango kwa nguvu, nusu ya kijiji hulala kifudifudi.

"Risasi ni madini," Beryl alisema, kwa mara ya tano wiki hiyo. "Ile ya kwenye betri ya gari. Ni vile tu risasi ya bunduki na hiyo ya madini, kwa Kiswahili mmezipatia jina moja."

"Sisi tumezipa?" Bi Mwanapili aliketi. "Haya, na kosa limekuwa letu."

"Ikiingia kwa mtu mkubwa inamsumbua tumbo. Lakini kwa mtoto inaenda kwa ubongo. Ubongo bado unajijenga, unadhani ni kitu ya kujengea, unaichukua. Haiumi. Haiachi alama. Inakula akili pole pole tu, na watu wanasema mtoto ni mjinga."

Fauzia hakucheka. Kula huko alikuwa amekuona kwa macho yake.

Alipokuwa na miaka minne, Hafsa alisoma Suratul Fil yote bila kukwama, akahesabu mpaka hamsini akishuka ngazi za msikiti ambazo hazifiki hata kumi. Sasa ana miaka sita. Akihesabu hufika mbili, kisha hutazama darini kana kwamba namba iliyobaki imetundikwa huko. Shuleni walimwita mvivu. Jirani walisema jini. Watoto wenzake, ambao hawana haja ya kamusi, walimwita Mzito.

"Damu yake ilisoma ngapi?" Fauzia aliuliza.

"Thelathini na nane."

"Na yatakiwa iwe ngapi?"

"Sifuri, mama."

Kisha Fauzia akauliza lile alilokuwa akiliogopa tangu barua ifike. "Akili yake itarudi?"

Beryl alikuwa na makosa yake, lakini uongo haukuwa mojawapo. "Ile imeshaenda, si yote itarudi. Ile imebaki tunaweza kuiokoa. Lakini lazima tujue inatoka wapi, na tuikate. Si wiki ijayo. Leo."

"Basi pima," Fauzia alisema. "Pima kila kitu. Hata mimi."

Kazi ikaanza. Beryl aliugusisha mdomo wa mashine kwenye mto: sifuri. Kwenye sufuria: namba ndogo, ya kutilia shaka tu. Kwenye ukuta: sifuri, maana ukuta ule ulikuwa haujawahi kupata bahati ya kupakwa rangi. Mbarak, mume wa Fauzia, alipiga simu kutoka hoteli moja ya Diani, akaagiza kwa sauti ya mwanamume mwenye nyumba kwamba kila kitu kichomwe moto, kisha akakata akarudi kukunja taulo za wageni ziwe mabata.

Ndipo Beryl alipokiona kichupa cha wanja.

Uso wake ulichangamka. Wanja aliusomea. Alikuwa na kurasa tatu juu ya wanja, na picha. Kila alfajiri Bi Mwanapili alimpaka mjukuu wake machoni na kumtia doa kwenye paji la uso ili jicho la hasidi lisimpate, na Beryl alikuwa ameliona doa hilo siku ya kwanza, akaliandika na kulipigia mstari.

"Mama mkubwa, naomba hiyo."

"Wanja wangu?" Bi Mwanapili aliinuka kabisa. "Wanja niliopakwa mimi, akapakwa Mbarak, leo ndio utie watu ujinga? Mimi nimekuwa mjinga?"

Fauzia aliona kwamba swali hilo si la kujibiwa. Alikichukua kichupa, akampa Beryl. Mashine ikakaa juu yake sekunde kumi, ishirini.

Sifuri.

"Masizi ya kibatari na mafuta ya mbarika," alisema Bi Mwanapili, akipanga upya mtandio wake. "Naupika mwenyewe. Andika hapo, nami nikuone ukiandika."

Beryl aliandika, bila furaha. Mtafiti aliyemjua mkosaji kabla ya kumpima hapendi kunyang'anywa. Aligeuka amalize na upande wa pili wa chumba, kidole kingali kwenye kitufe, na mdomo wa mashine ukapita mbele ya rafu ya vyombo.

Mashine ikalia.

Haikuwa imelia tangu iingie ndani ya nyumba ile. Beryl alitazama kioo chake kidogo. Elfu tisa na mia nne.

"Imeharibika," alisema. Akapima ukuta: sifuri. Akapima mbao za rafu: sifuri. Akaisogeza kwenye sahani moja nyeupe ya kauri iliyosimamishwa peke yake, imefunikwa kitambaa cha darizi. Elfu tisa na mia nne.

"Ondoa kitu chako hapo!" Bi Mwanapili aliruka kati ya bunduki na sahani, na safari hii hakuchagua mkeka. "Hayo ni maneno ya Mwenyezi Mungu!"

Ilikuwa sahani ya kombe. Ustadh Sharif wa madrasa alikuwa ameiandika asubuhi kwa mkono wake, Ayatul Kursiyyu kuanzia ukingo mpaka katikati, kwa wino wa zafarani. Jioni ingeoshwa kwa maji ya waridi, na maji yale ya manjano angepewa Hafsa ayanywe, kama kila Jumatatu na kila Alhamisi.

Kila Jumatatu na kila Alhamisi, kwa mwaka mmoja na nusu.

Fauzia alikaa kitandani. Alianza kumpa kombe kwa sababu mtoto alikuwa akiweweseka usingizini. Kisha mtoto akaanza kusahau, wakaongeza kombe. Alipozidi kusahau, wakampa vikombe viwili kwa mara moja. Aliposahau jina la babake, Bi Mwanapili alikwenda kuomba sahani kubwa zaidi. Na kila mara ni yeye Fauzia aliyemshika kidevu, akasema bismillahi, akamwambia kunywa mamangu, upate akili. Alijichukia. Kulia hakulia, kwa kuwa kulia kungechukua muda.

"Si maneno, mama," alisema taratibu. "Maneno ni yale yale tuliyonywa sisi wote. Ni wino."

"Zafarani ni zafarani."

"Ile ya zamani Ustadh aliinunua nyuzi chache, akairoweka usiku kucha. Hii ya sasa ni unga. Hii ameipata wapi?"

Bi Mwanapili alifungua mdomo, akaufunga. Kisha akaenda kwenye kasha lake, akatoa pakiti.

Ilikuwa pakiti nzuri. Juu iliandikwa ZAFARANI HALISI, na chini ya maandishi palikuwa na picha ya mtu mnene mwenye kofia ya viua, akicheka kwa meno yote. Huyo alikuwa Sefu wa Ukunda, anayetaka kuchaguliwa mwakilishi wa wadi. Mtu wa watu! Duka lake halina haja ya kuelezwa kwa yeyote aliyewahi kupita hapo: mkono wa kulia huuza viungo vya pilau, mkono wa kushoto huuza rangi za nyumba, na katikati kuna mizani moja inayohudumia pande zote mbili. Tangu Ramadhani ya mwaka juzi alikuwa akizigawia madrasa kopo zima la zafarani bure, na kina mama wazee pakiti moja moja, na wote walimwombea dua.

"Weka hapo chini," alisema Beryl.

Aliiweka mashine katikati ya pakiti, ambapo kwa bahati palikuwa ni paji la uso la Sefu. Namba zilipanda, zikapanda, kisha zikaacha kabisa kuonekana. Kioo kikaandika kwamba kimezidiwa.

"Hii si kitu ya kula," Beryl alisema. "Hii ni rangi. Ile ya manjano wanachorea laini za barabara."

"Mumeo yuko Diani akikunja mabata," Bi Mwanapili alimwambia Fauzia, akitafuta wa kumkasirikia, "na mwanangu huyu huyu ndiye aliyemsifu Sefu barazani." Alikuwa mwanamke mgumu, lakini mjukuu wake alimpenda kuliko roho yake, na sasa alikuwa anahesabu zile sahani.

Fauzia akainuka ghafla. "Mama, Hafsa yuko wapi?"

Bi Mwanapili alirudi kwenye kasha lake, akaanza kulifunga.

"Mama!"

"Nimempeleka madrasa mapema. Leo ni kombe la mtihani." Aliushika mkono wa mkaza mwana wake. "Watoto wote wanapewa, mpaka wadogo. Sefu ndiye mgeni wa heshima. Nilimwambia Hafsa akae mbele kabisa, awe wa kwanza kunywa."

Fauzia alishavaa ndara. "Twende," alimwambia Beryl. "Njoo uwaambie. Njoo na mashine."

Na hapa, msomaji, ndipo elimu ilipoonyesha ubavu wake. Beryl aliitazama mashine, akaitazama pakiti, akatazama chini.

"Mama Hafsa, siwezi kusema mbele ya watu kabla sampuli iende maabara. Wiki tatu. Halafu ripoti ipitie kaunti, waipige muhuri. Nikisema leo wanafunga mradi." Akaongeza, kama anayetoa habari njema, "Jumanne tuko na semina pale Diani, juu ya ubongo wa mtoto. Ningeweza kuomba nipewe dakika tano."

"Kutakuwa na chakula?" Fauzia aliuliza.

"Ndiyo, lanchi ipo."

"Basi mle."

Akatoka mbio.

Madrasa iko ng'ambo ya barabara, mwendo wa kumaliza hasira ya kawaida, lakini hii haikuwa ya kawaida. Mbele ya mlango lilikuwa limeegeshwa gari jeupe lenye picha ya Sefu kila ubavu. Fauzia alipita karibu nalo, akaona kwenye kiti cha mbele karatasi iliyoloa mafuta, na makombo ya sambusa. Hakuyatilia maanani. Alivua ndara akaingia.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Watoto kama arobaini walikaa safu nne juu ya mikeka, mama zao wamejipanga ukutani. Mbele palikuwa na beseni kubwa la maji ya manjano, na wasaidizi walikuwa wameshamaliza kuyachota. Kila mtoto alishika kikombe cha plastiki, na kila kikombe kilikuwa na picha ya Sefu na maneno AKILI KWANZA. Sefu mwenyewe alikuwa amesimama nyuma ya beseni, kanzu nyeupe pe, akimalizia hotuba. Koplo Samuel, ambaye tangu ule msako alikuwa haachani na Sefu kama pete na kidole, alisimama karibu na meza ya vitafunio kudumisha usalama wa vitafunio.

"Mtoto ni ubongo," Sefu alikuwa akisema. "Na ubongo ni kura... ni kesho yetu."

Hafsa alikuwa safu ya kwanza, mwanzo kabisa, kama alivyoagizwa. Alimwona mamake akatabasamu. Kikombe kilikuwa kimeegemea kidevuni.

Fauzia alikwenda moja kwa moja kwa Ustadh Sharif. Mzee alikuwa kwenye kiti chake, kalamu ya mwanzi bado iko sikioni, ncha yake ya manjano. Alikuwa na tabia ya kuilamba kabla ya kuandika. Mwaka huu alikuwa amewachanganya watoto majina mara nyingi, na kila mtu akasema ni uzee.

"Shikamoo Ustadh. Naomba wasinywe."

"Marahaba mwanangu... wewe ni mamake nani vile?"

"Mamake Hafsa. Ustadh, zafarani ile si zafarani. Ina risasi."

Aliisema kwa kunong'ona, lakini kina mama walio karibu wana masikio. Mmoja akacheka. "Risasi tena, Fauzia? Tumeshapekuliwa mara moja. Kuku wangu hajarudi mpaka leo."

Koplo Samuel akatazama nje ya dirisha.

"Ni madini," Fauzia alisema kwa sauti. "Ni sumu. Ni rangi ya—"

"Ndugu zangu," Sefu alimkata, mikono imefunguka kama mtu anayetaka kukumbatia ukumbi mzima. "Huyu mama ana uchungu wa mtoto. Mtoto wake, sote twajua, Mungu amemjaalia uzito kidogo. Tusimhukumu. Lakini kusema kombe lina sumu, kusema maneno ya Mungu yana sumu..."

"Sikusema maneno!"

"Astaghfirullah," wakasema kina mama ukutani. Mmoja akamvuta Fauzia buibui, akamwambia akae, asiwatie aibu mbele ya mgeni.

Ustadh Sharif aliinua mkono kutaka kusikiliza. Lakini watoto wa madrasa wamezoea kwamba mkono wa Ustadh ukiinuka, ndiyo ruhusa.

"Bismillahi!" wakaitikia arobaini kwa pamoja, na vikombe arobaini vikapanda.

Fauzia hakuwa na mashine. Hakuwa na ripoti wala muhuri. Angesema sumu, wasingesikia. Angesema madini, wasingejua. Akiwa amesimama pale, buibui limeshikwa kwa nyuma, alibakiwa na neno moja tu ambalo Gazi nzima ilishalielewa vibaya.

Akavuta pumzi.

"RISASI!"

Wallahi, hamjaona utii wa namna hiyo. Safu nne za watoto zililala kifudifudi kwa pamoja. Kina mama wakaanguka juu ya kina mama. Wa kwanza kabisa kufika chini alikuwa Koplo Samuel, aliyeingia chini ya meza ya vitafunio na sahani ya kaimati kichwani. Vikombe arobaini vikaruka, vikamwaga, vikabingirika mkekani, picha arobaini za Sefu zikicheka kila upande.

Sefu mwenyewe alijirusha mbele. Kwa bahati mbaya mbele palikuwa na beseni.

Alipoinuka, kanzu ilikuwa ya manjano kutoka kifuani mpaka miguuni. Alijipangusa kwa leso. Ilizidi kuenea.

"Haitoki hiyo," Fauzia alimwambia. "Mke wako atakwambia. Rangi ya barabara hutengenezwa isitoke."

Alikwenda kwa Hafsa, akamwinua. Gauni lote lilikuwa limelowa, lakini midomo ilikuwa mikavu. Fauzia alimpangusa mikono kwa upindo wa leso yake, kidole kimoja kimoja, moyo ukimwenda mbio kwa furaha ambayo hakuwa na wakati wa kuionja.

"Mkamateni!" Sefu alipayuka. "Ametia hofu umma! Koplo!"

"Niko," ilijibu meza.

Ni mtu mmoja tu aliyekuwa hajalala chini. Magoti ya Ustadh Sharif hayakuwa tena na uwezo wa kulala ghafla, kwa hiyo alibaki kitini, mkononi kikombe chake mwenyewe, kimejaa pomoni. Alikitazama kwa muda mrefu. Kisha akaitoa kalamu sikioni, akaitazama na yenyewe.

"Mamake Hafsa," alisema. "Mimi nimeandika kombe miaka arobaini. Sijapata kuambiwa jambo kama hili. Una ushahidi gani?"

Ukumbi ulikuwa unanyanyuka, unajipangusa, unaanza kukasirika. Fauzia alijua ana sekunde chache.

"Sina, Ustadh. Mwenye ushahidi ni Bwana Sefu. Dawa ni yake, kopo ni lake, duka ni lake. Kikombe kimebaki hicho kimoja. Anywe yeye, mbele yetu. Akinywa chote, nitapiga magoti hapa nimwombe radhi, nami Koplo anipeleke anakotaka."

"Haki hiyo," alisema yule mama wa kuku.

Ustadh Sharif alikinyoosha kikombe. "Karibu, Bwana Sefu. Ni baraka."

Sefu alikitazama. Uso wake ulikuwa unacheka bado, kwa mazoea, lakini mkono wake ulikuwa umekwenda nyuma ya mgongo peke yake. Fauzia akauona mkono ule. Mpaka dakika hiyo alikuwa akidhani kwamba mtu huyu ni mchoyo na mpumbavu, aliyechanganya mizani. Sasa alielewa kwamba anajua. Alikuwa anajua siku zote.

"Ningekunywa, Ustadh," alisema Sefu. "Ningekunywa kwa mikono miwili. Lakini leo ni Alhamisi. Nimefunga."

"Mashallah," mwanamke mmoja alisema. Na mwingine: "Hata kwenye kampeni anashika sunna." Fauzia aliona nyuso zikilegea, zikianza kumrudia Sefu moja baada ya nyingine. Kanzu ya manjano ikaanza kuonekana kama kanzu ya mtu aliyedhulumiwa. Ustadh akakirudisha kikombe, pole pole, kwa heshima. Mtu aliyefunga hashurutishwi.

"Amekula sambusa."

Sauti ilikuwa ndogo. Ilitoka upande wa leso ya Fauzia.

"Umesemaje, mwanangu?" Ustadh aliinama.

"Garini," alisema Hafsa. "Nilikuja mapema. Nilimwona. Na pilipili."

Fauzia aliikumbuka ile karatasi ya mafuta. Akageuka kumtafuta Koplo Samuel, aliyekuja ndani ya gari lile lile. Koplo alikuwa ametoka chini ya meza. Sambusa zile tatu alikuwa amezinunua yeye, kwa mikono yake, akashindilia ndimu na pilipili kwa maelekezo ya mwenyewe. Sefu alimtupia jicho mara moja tu. Jicho lile lilikuwa na uhamisho ndani yake, wa kwenda mbali, kusiko na bahari. Koplo akaanza kuyachunguza mabati ya paa.

Basi Sefu alipata nguvu tena. Alipiga goti moja mbele ya Hafsa, mbele ya mama wote, akalainisha sauti kama asali.

"Wewe ndiye yule wanayekuita Mzito, eh? Mtoto mzuri. Na mimi nakuamini, kabisa. Umeniona nikila sambusa. Haya waambie hawa, mwanangu, nilikula ngapi?"

Lilikuwa swali jepesi. Kila mtu mle ndani alijua kwa nini ameliuliza. Mtoto asiyeweza kuhesabu ameona nini? Ustadh Sharif alifungua mdomo alizuie swali, kisha akakumbuka kwamba ni yeye aliyeandika kwa mkono wake, kwenye daftari la madrasa, kwamba Hafsa hapiti mbili.

Hafsa alimtazama Sefu. Akainua kidole.

"Moja," alisema.

Akainua cha pili. "Mbili."

Kisha macho yakapanda darini, pale pale yanapopanda kila siku, na Fauzia akayaona yakitafuta. Neno lilikuwa kwenye ulimi wa mama. Lilikuwa limejaa mdomo mzima. Lakini akilitoa yeye, basi ni yeye aliyemfundisha mtoto kusema uongo, na kopo linarudi juu ya rafu, na Jumatatu sahani zinaandikwa. Akaung'ata mdomo wake.

Sefu alianza kutabasamu.

Kidole cha tatu kikainuka. Kiliinuka chenyewe, kimenyooka, karibu na vile viwili. Hafsa akakitazama kwa mshangao kama mtu aliyekutana na rafiki wa zamani, midomo ikafunguka, na ukumbi mzima, pamoja na mtu wa kanzu ya manjano, ukabaki unamsubiri alitaje jina lake.